Mwaridi mwekundu kwenye ukuta wa mita nne, Entebbe

Machi, kabla ya mvua

Ukuta una urefu wa mita nne na kimo cha mita mbili na robo. Kati yake na njia ya jikoni pamebaki mita moja na nusu tu, na hapo ndipo ninapotaka mwaridi mwekundu wa kupanda juu. Tunakaa upande wa kuteremkia Nakiwogo, inakotia nanga feri ya Kalangala. Ziwa haliko mbali. Alasiri upepo wake hufunga milango wenyewe.

Mama yangu alikuwa na mwaridi mwekundu kando ya mlango wa kota yetu katika kambi ya polisi, Jinja. Kambini hapo ndipo nilipokipata Kiswahili, na nilipostaafu kazi hiyo hiyo ya polisi nilikuwa najua tayari mmea wa kwanza nitakaoupanda.

Mche nimeununua kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Kampala. Uko katika kiriba cheusi, na kikaratasi chake kimeandikwa Dublin Bay. Moyo ulinidunda. Aina hii ni kazi ya Sam McGredy, mzalishaji mawaridi wa Ireland ya Kaskazini aliyehamia New Zealand, na ilitoka miaka ya 1970. Wazazi wake ni Bantry Bay, lenye maua ya waridi-pinki, na Altissimo, jekundu la Kifaransa. Kwa sehemu finyu kama yangu uzuri wake ni kwamba huishia mita mbili na nusu au tatu hivi, na huchanua tena na tena. Ipo miwaridi ya kupanda ya Ulaya inayochanua mara moja kwa mwaka, baada ya kulala wakati wa baridi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na usingizi huo hapa hauji.

Machi, wiki iliyofuata

Jirani yangu Nnalongo amekuja kuona ninapochimba. "Afande," akasema, "ua halitaki jua lote hili. Lipeleke nyuma ya nyumba, kwenye kivuli." Namheshimu sana kwa migomba yake, lakini hili nimelikataa kwa adabu, nikamweleza sababu.

Sisi wa ziwani mvua yetu nyingi huja usiku wa manane na alfajiri. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko katikati, mawingu ya radi yanajijenga, na kunapokaribia kupambazuka yanatufikia. Majani yanaamka yameloa. Ukungu wa madoa meusi, ambao ndio adui mkubwa wa mwaridi katika nchi zenye unyevu, unahitaji jani libaki limelowa kwa muda wa saa saba hivi ndipo vijimbegu vyake vichipue na kupenya. Ukuta wangu unatazama mashariki. Saa moja na nusu asubuhi jua liko juu yake, na kufika saa tatu majani yamekauka. Nyuma ya nyumba yangebaki na maji mpaka adhuhuri.

Shimo ni la sentimita 60 kwa 60, na liko sentimita 45 kutoka ukutani, kwa sababu chini ya bati udongo haupati mvua. Mche nimeuinamisha kidogo kuelekea ukuta. Udongo wetu mwekundu ni mzito, kwa hiyo nimeuchanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Juu nimetandaza maganda ya kahawa, gunia moja, bila kuyagusisha na shina. Nyaya ni nne, za kulala, ya kwanza sentimita 45 kutoka chini na nyingine kila sentimita 40. Zote zimeachana na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma ya majani.

Ndugu zangu wa Mombasa na Tanga mna jambo moja ambalo mimi silo nalo. Upepo wenu unakuja na chumvi, na chumvi huunguza kingo za majani. Mkipanda mwaridi, tafuteni pembe iliyokingwa na nyumba au uzio, na baada ya siku za upepo mkali yaosheni majani kwa maji yasiyo na chumvi asubuhi, yapate muda wa kukauka. Ziwa letu ni la maji matamu. Upepo wake unavunja, lakini hauunguzi.

Mei

Majani mapya yametoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani kibichi. Nilikuwa nikimwaga majivu ya jiko la mkaa kila Jumamosi nikidhani naulisha mwaridi. Majivu hupunguza asidi ya udongo, na asidi ikipungua mno, mizizi haiwezi tena kuivuta chuma hata kama imo ardhini. Nimeacha majivu, nimeongeza mboji. Jani la kijani la kwanza nimeliona baada ya wiki tano.

Agosti

Una maua tisa, mekundu ya damu, petali zake nzito kama kitambaa cha mahameli. Harufu ni hafifu, na hilo limeniuma kidogo, maana ule wa mama ulikuwa unanukia hadi kwenye uwanja wa gwaride. Lakini haujapanda popote. Ni kichaka cha kufika kiunoni, na nyaya mbili za juu ziko tupu. Wanaoijua Dublin Bay wanasema hivyo ndivyo ilivyo: baadhi ya mimea hukaa kichaka kwa muda mrefu kabla ya kukubali kurefuka, na ukiikata kata ovyo unairudisha nyuma. Kwa hiyo sipogoi. Naondoa maua yaliyonyauka tu, na majani yenye madoa nayaokota chini na kuyachoma.

Oktoba

Umerefuka! Mvua za vuli zimeanza, na ufito mmoja umechomoza kutoka chini kabisa na kupita waya wa tatu ndani ya wiki tatu. Nimeufunga kwa kipande cha kitenge chakavu. Kila jioni nausogelea na kuupima kwa shubiri. Mke wangu ananiambia nimeanza kuusalimia kabla ya kumsalimia yeye, na ni kweli.

Desemba

Hili naliandika kwa urefu, kwa sababu lingeweza kuniua mmea.

Ufito ule ulifika mita mbili na nusu na haukutoa hata tumba moja. Huku nyuma kichaka chenyewe kilianza kudhoofika, maua yakapungua kutoka tisa hadi mawili. Jana asubuhi nikachuchumaa na kuyaweka majani mawili juu ya kiganja, moja la kichaka na moja la ufito. La kichaka lilikuwa kijani kizito, linang'aa kama limepakwa mafuta. La ufito lilikuwa dogo, kijani cheupe, halina mng'ao wowote. Hata miiba haikufanana.

Nikafukua udongo kwa vidole. Miwaridi mingi ya vitaluni hubebeshwa: jicho, yaani kichipukizi kidogo kilicholala kwenye tawi, la aina unayoitaka huungwa kwenye shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Kwenye mashamba ya mawaridi ya Afrika Mashariki shina hilo mara nyingi ni Natal Briar. Pale panapoungwa pana kifundo, kama goti. Mimi nilikuwa nimekifukia kifundo kwa samadi kila mwezi hadi hakionekani. Ufito wangu ulikuwa umetoka chini ya kifundo. Miezi miwili nilikuwa nafunga, namwagilia na kumpima mtu mwingine kabisa, huku mwenye nyumba akifa njaa.

Machipukizi ya namna hii hayakatwi kwa mkasi, maana ukikata unayaachia macho ya chini, na yatarudi matatu badala ya moja. Yanang'olewa. Nilishika kwa glavu nene, karibu na mzizi, nikavuta kwa kushusha chini mpaka likabanduka na kisigino chake. Kilibaki kidonda cha ukubwa wa shilingi mia tano. Sasa kifundo kiko wazi juu ya udongo, naweza kukiona nikiwa nimesimama.

Februari

Fito mbili, safari hii kutoka juu ya kifundo. Nimehakikisha mara tatu. Majani yanang'aa.

Machi, mwaka wa pili

Leo nimezilaza. Nnalongo alikuwapo na hakupenda. "Afande, kitu kinapanda juu, wewe unakilalisha? Kisimike mti kinyooke." Hapo ndipo ilipo siri nzima ya mwaridi huu, na ningependa kila mwenye ukuta mdogo aijue.

Mwaridi haupandi wenyewe. Hauna vikono kama maboga, wala haujiviringishi kama maharage. Porini hukwamia kwa miiba kwenye matawi ya wengine. Ukiuacha usimame wima, ncha yake inatuma chini homoni iitwayo auksini, na homoni hiyo inayazuia macho yote ya chini yasiamke. Matokeo yake unapata miguu mitupu na maua mawili matatu yaliyo juu ya paa, yanayoonekana na ndege. Ukiulaza ufito, ile amri ya ncha inalegea, na kila jicho kwenye urefu wake linapata nafasi ya kuwa tawi fupi lenye maua.

Fito za Dublin Bay ni ngumu, kwa hiyo sikuzilaza kwa siku moja. Nilichukua siku nane, kila asubuhi nikishusha kidogo na kufunga upya kwa kitenge, fundo la umbo la nane ili kamba isisuguane na ganda. Moja imekwenda kushoto kwenye waya wa kwanza, nyingine kulia kwenye wa pili. Ncha zimeinuka kidogo tu, kama mtumbwi.

Machi, siku kumi na moja baadaye

Macho yameamka. Mwanzo yalikuwa alama nyekundu ndogo kuliko punje ya wimbi, zimelala juu ya kovu la jani. Leo kila moja ina ncha mbili zilizokunjwa kama mikono ya mtoto mchanga. Kwenye ufito wa kushoto nimehesabu kumi na saba, wa kulia kumi na mbili. Ule wa kulia niliuacha umeinuka zaidi, na macho yake ya karibu na shina hayajashtuka. Nitaushusha.

Juni

Maua sitini na mawili kwa wakati mmoja, kuanzia usawa wa goti hadi usawa wa macho yangu. Jua la saa mbili linapoyapiga kutoka mbele, ukuta mzima unakuwa mwekundu na mwanga wake unaingia hadi jikoni. Madoa meusi yapo kwenye majani machache ya chini. Nayatoa kwa mkono.

Maua yaliyokwisha nayakata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano. Kutoka mkato hadi ua jipya nimehesabu siku 44.

Nnalongo alisimama kwa muda mrefu, kisha akaomba mche. Nimemkatia vipande vitatu vya sentimita 20, vyenye unene wa penseli, kutoka matawi yaliyomaliza kuchanua. Nimevichomeka kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, chini ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Vitaota kwa mizizi yake vyenyewe, kwa hiyo yeye hatasumbuliwa na chipukizi la mgeni. Ameniuliza avipande ukuta gani. Kesho saa moja na nusu asubuhi nitapita kwake tuangalie jua linaangukia wapi.