Vipokezi havikai kimya: mradi wangu ulipofikia

Programu niliyoanza kuiandika kwa Python hapa Dodoma sasa inaonyesha vipokezi vya glisini, yaani protini zinazopokea kemikali ya glisini, vikizurura kwenye utando wa neva, vikinaswa kwenye sinapsi, pale neva mbili zinapokutana, kisha vikiachiwa.

Shuleni tulichorewa kipokezi kimetulia mahali pake, kinangoja kemikali kutoka neva jirani. Mwaka 2003 Maxime Dahan, Antoine Triller na wenzao huko Ufaransa walibandika vichembe vinavyong'aa kwenye vipokezi vya glisini vya neva za uti wa mgongo, wakavifuatilia kimoja kimoja. Vilikuwa vinatembea, vinaingia sinapsi na kutoka.

Nje ya sinapsi nimeweka kasi ya kusambaa ya mikromita za mraba 0.1 kwa sekunde. Maana yake, kila milisekunde 10 kipokezi husogea nanomita 60 hivi, upande wowote. Sinapsi nimeipa upana wa nanomita 300, kwa hiyo pasipo kizuizi kingeivuka chini ya sekunde moja. Kizuizi ni gefirini, protini iliyo chini ya utando, inayokamata sehemu ya kipokezi iliyoingia ndani ya seli. Mshiko wake hulegea, ndiyo maana kila hatua nimeiwekea uwezekano wa kunasa na wa kuachia.

Kipokezi kimoja nilikipa rangi nyekundu. Kilizunguka pembeni, kikaingia, mstari wake ukaanza kujisokota mahali pamoja, halafu kikachomoka upande wa pili. Mdogo wangu wa kidato cha sita akauliza, "Kaka, hicho chekundu kimetoroka?" Kimetoroka, na kingine kimeshaingia. Rundo la vipokezi kwenye sinapsi halikupungua. Ni sawa na soko la Majengo: waliojaa asubuhi sio waliojaa jioni, lakini soko limejaa.

Nilipoongeza gefirini, rundo likanenepa bila kuongeza kipokezi hata kimoja. Waliokuwa wakirandaranda nje ndio walionaswa. Kwangu utamu wote uko hapa: sinapsi inaweza kupata nguvu kwa kuvuta vipokezi vilivyopo tayari, bila kusubiri seli itengeneze vipya.

Kinachofuata ni grafu ya mraba wa umbali ambao kipokezi kimesogea dhidi ya muda. Nje ya sinapsi mstari unapaswa kupanda moja kwa moja. Ndani, ujikunje na kukoma. Nikiipata, nahamia kwenye aina nyingine ya vipokezi, vya AMPA, ambavyo huzuiliwa kwa msaada wa protini nyingine, PSD-95.