Gugu la Kwetu, Shambani Rewari

Nilipokuwa nasoma Delhi, mwenzangu wa bweni alinialika tukale Holi, sikukuu ya Wahindu, kwao, kijiji kimoja cha wilaya ya Rewari, jimbo la Haryana. Ilikuwa Machi, watu wanavuna haradali. Shambani wameinama na mundu, maganda yamekauka kiasi kwamba ukiyagusa tu yanapasuka.

Ukingoni mwa shamba nikakutana na gugu la kwetu Karatu. Majani ya miiba yenye mabaka meupe, ua la njano, ukivunja shina unatoka utomvu wa njano unaong'ang'ania vidoleni. Ni Argemone, ndugu wa mmea wa afyuni. Asili yake ni Mexico, lakini limefika hadi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Sisi tulilichukia kwa miiba tu. Kuling'oa kwa mkono mtupu katikati ya maharage ni adhabu.

Baba mdogo wa rafiki yangu aliniona nimeliinamia.

"Hata kwenu lipo?"

"Limejaa, baba."

"Na mafuta mnakamua nini?"

"Alizeti."

Akacheka. "Basi mna bahati."

Mbegu za gugu hilo ni ndogo, nyeusi, na ndani ya gunia la haradali huzioni mpaka uzitafute: za haradali ni laini, hizi zina vishimo. Zina sumu iitwayo sanguinarini. Anayekula mafuta yake huvimba miguu, pumzi humbana, moyo hushindwa kazi. Agosti 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganywa na hayo yaliua watu zaidi ya 60 Delhi, na kwa muda serikali ikazuia kuuza mafuta ya haradali. Mzee alisimulia hayo huku rafiki yangu akinitafsiria.

Nikauliza kama hazichanganyiki zenyewe wakati wa kuvuna. Hapo akakata tunda bichi la lile gugu kwa mundu. Mbegu zilikuwa bado nyeupe. Akafinya ganda la haradali, zikamwagika kavu kiganjani.

"Hizi zinaingia guniani leo. Zile zitakomaa Aprili, Mei. Zimekutana vipi?"

Gugu lenyewe hakulilaumu hata kidogo. Hasira yake yote ilikuwa kwa mtu aliyezichuma, akazipima, akazichanganya apate faida.

Jioni mkewe alikaanga pakora. Alininusisha kwanza dumu la mafuta, ukali ukanipanda puani hadi machozi, nao wakacheka wote. Nikala nikashiba.