Nilivyompata mwanasaikolojia wa kunifaa

Ukiwa Tanga ukasema usiku hulali, majibu utayapata kabla hujamaliza kusema. Una jini. Una presha. Una deni. Mimi vyote vitatu nilivipitia. Kisomo nilisomewa, na wala sijuti. Presha nilipima hospitali ya Bombo ikaonekana iko sawa, na moyo nao ukapimwa kwa ile mashine ya nyaya kifuani, haukuwa na tatizo. Deni lilikuwa la vikoba, dogo, la kulipika.

Chanzo nilikuwa nakijua. Kaka yangu alifariki kwa ajali ya bodaboda, na habari ilinijia kwa simu, usiku. Tangu hapo simu ikilia baada ya isha moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haishuki. Nikisikia pikipiki nyuma yangu barabarani, najibanza ukutani. Kazini, duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, hesabu ya mabati niliyokuwa naifanya huku nikizungumza na mteja nikawa nairudia mpaka mteja anachoka.

Daktari aliyeona vipimo vyangu aliniuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kujiona sina maana, mpaka la mwisho, kama nimewahi kuwaza bora nife au nijidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Akaniambia dawa zipo, ila kwa hali yangu anaona nianze na mazungumzo. Nikamuuliza mazungumzo na nani, maana nilidhani wote ni wamoja. Akanifafanulia: daktari wa magonjwa ya akili kasomea udaktari kwanza, ndiye anayeandika dawa, mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, kazi yake ni kikao chenyewe, mshauri nasaha anaweza kuwa kasoma miaka au kahudhuria semina tu, kwa hiyo muulize.

Nyumbani mambo yakafika kwa shangazi kabla yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wataka kupelekwa Lutindi."

Kwa wasiojua, Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Walutheri, kule milimani Korogwe. Kwetu mtu akitajiwa Lutindi, hajatakiwa mema. Nikamwambia sipelekwi, naenda mwenyewe, tena si huko.

"Mambo ya wazungu hayo. Mtu alipwe akusikilize? Sisi masikio hatuna?"

Hapo nikamsimulia habari za Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani, Harare, kukaa na wenye msongo kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulichambua tatizo moja mpaka lipate njia. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hao bibi wakishasikia siri ya mtu, hawaipeleki harusini?" Nikanyamaza. Akacheka mwenyewe, maana yangu yalishafika harusini zamani.

Mshauri wa kwanza nilielekezwa na mtu. Simu yake ililia katikati ya maneno yangu, akapokea. Alipomaliza akanihadithia msiba wake yeye, kisha akaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nisamehe, nimeze. Hayo nilishaambiwa matangani, bure. Nikalipa, nikaaga, sikurudi. Kwetu tuna haya ya kumwacha mtu aliyetupokea vizuri, na naona haya hiyo inawaweka watu wengi kwenye viti visivyowafaa.

Kwa wa pili nilianza kwa kupiga simu na kuuliza. Umesomea nini, na wapi? Umewahi kukaa na mtu aliyefiwa ghafla? Kikao ni kiasi gani, na nikipungukiwa? Tutajuaje kama inanisaidia? Nilitegemea atakasirika, kumbe alifurahi. Kuhusu siri alinijibu waziwazi: ninayomwambia yanabaki kwake, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini, hapo atatafuta msaada na atajitahidi anijulishe kwanza. Ningemwogopa zaidi kama angeniahidi siri isiyo na mpaka.

Yeye yuko Dar. Mwanzo nilipanda basi nikaonane naye uso kwa uso, baadaye tukaendelea kwa simu ya video. Bando si tatizo, tatizo ni kuta. Nyumba yetu haina dari. Chumba kimoja akikohoa mtu, cha pili wanamwambia pole. Nikaomba kutumia ghala la dukani baada ya kufunga. Vikao vyangu vyote vimefanyika kati ya saruji na misumari.

Njia anayoitumia, alinieleza, ilitokana na Aaron Beck, daktari wa Marekani, miaka ya 1960. Beck alifunzwa njia ya Freud, ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusema lolote linalomjia. Akabaini kuwa kabla ya huzuni au hofu kuna wazo la haraka linalopita kichwani, na mwenyewe wala halikagui, analiamini tu. Kazi yetu ikawa kulikamata hilo wazo.

Nilinunua daftari, nikalichora safu. Nilichoandika kwanza: simu imelia saa nne usiku, mama amekufa, hofu 90 kwa 100. Sikuambiwa "usiogope". Aliniambia, "Fungua simu yako, unisomee waliokupigia usiku mwezi huu." Nikasoma. Shemeji, umeme umekatika, anaomba nimnunulie luku. Shemeji tena, luku. Mweka hazina wa vikoba. Namba ngeni iliyomtaka fundi. Shemeji. Akauliza, "Kwa ushahidi huo, simu ya saa nne ni ya nani?" Nikacheka, nikaandika kwenye safu ya mwisho: huenda ni shemeji na luku yake. Hofu 50. Haikufika sifuri, naye hakuitaka ifike sifuri.

Pikipiki ilikuwa ngumu zaidi. Tulipanga ngazi, kutoka linalotisha kidogo hadi linalotisha sana: kusimama karibu na kijiwe, kugusa pikipiki iliyozimwa, kuikalia bila kuondoka, kuendeshwa hadi kona. Sharti lilikuwa moja: nisiondoke hofu ikiwa juu, nikae mpaka ishuke yenyewe, mwili ujifunze kuwa hushuka. Siku ya kuikalia, nilikaa nimeshika chuma cha nyuma, jasho linanitoka chini ya ushungi. Kijana akavumilia, akavumilia, mwisho akageuka: "Dada, twaenda au twapiga picha?" Nikamlipa nauli ya bure. Siku nyingine tulikwenda, polepole, na kofia ngumu nilikuja nayo yangu.

Sasa vikao tumeviweka mbalimbali. Yale maswali tisa tunayarudia kila baada ya muda, na alama zimeshuka vya kutosha kuniridhisha. Lakini alinionya mapema kuwa hofu na msiba ni vitu viwili, na kweli, hofu ilipopungua nikaanza kumlilia kaka kama ndiyo kwanza amezikwa. Tumeanza upya na hilo. Kikao kijacho ni cha pikipiki yake, ambayo fundi aliinyoosha na bado iko uani kwa shangazi. Shangazi ameshapata mnunuzi. Mimi bado sijatoa jibu.