Mguu Usiotoa Damu

Miaka niliyokaa katika chumba cha dharura imenifundisha kuutilia shaka mguu usiotoa damu. Dereva mmoja wa bodaboda aliletwa kwetu usiku akiwa na jeraha la mkono lililotisha kila aliyeliona, ilhali muundi wake wa kulia ulikuwa umevimba tu, bila hata mchubuko.

Tulianza na pumzi na mzunguko wa damu, kwa kuwa paja likivunjika linaweza kuficha lita nzima ya damu au zaidi pasipo tone kuonekana nje. Baada ya hapo suruali ilikatwa kwa mkasi (hapo ndipo wagonjwa wengi hunung'unika, kuliko hata kwa mfupa) na miguu yote miwili ikalinganishwa. Nilipapasa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo, nikagusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili, kisha nikamwomba avikunje vidole. Mambo haya hurudiwa baada ya kufunga banzi. Siku moja zamani sikuyarudia: nilikaza bendeji ya mkono, nikaenda kunywa chai, na niliporudi nilikuta vidole vimekuwa vya samawati.

Mapigo ya kijana huyu yalikuwepo. Hata hivyo, dawa ya maumivu haikumtuliza, ngozi ile kati ya vidole ilikuwa na ganzi, na nilipokikunja kidole gumba polepole kuelekea chini alipiga ukelele. Misuli ya muundi imezungukwa na utando mgumu usiotanuka, kwa hiyo damu na uvimbe vikijaa ndani, shinikizo huibana mishipa midogo na misuli huanza kufa katika muda wa saa chache, huku mapigo yakiendelea kusikika kana kwamba hakuna baya lolote.

Tulilegeza kila kilichofungwa. Mama yake alitaka kuuinua mguu juu ya mto.

"Hapana, mama, uache usawa wa moyo. Ukiinuliwa, damu itazidi kushindwa kufika."

Daktari wa upasuaji aliupasua utando huo pande mbili, akaacha majeraha wazi ili yafungwe siku za baadaye. Jeraha la mkono lilikuwa limeoshwa kwa maji mengi ya chumvi, na kijana akachomwa sindano ya pepopunda. Lilishonwa asubuhi.