Baba watoto kaosha vyombo, mtaa mzima tumejua

Jumamosi mume wangu kaamka na mizuka, eti leo mama watoto pumzika, vyombo naosha mimi. Nikajinyoosha zangu kwenye kochi, dakika mbili hazijaisha nasikia "mke wangu, stiliwaya iko wapi?" Iko palepale ilipokuwa tangu tuhamie hapa Mbagala. Mara sabuni ipi, mara hili lenye ukoko nalo naosha? Hapana baba, hilo tunalipeleka makumbusho.

Sahani sita saa nzima, ndoo tatu za maji, na hapa kwetu maji tunanunua kwa dumu jamani, halafu sufuria la ugali akaliloweka. Mashoga, mnaijua loweka ya wanaume? Haina mwisho hiyo, limekaa mpaka Jumatatu limeanza kutoa harufu, kumuuliza ananiambia bado halijalainika!

Kilichonimaliza sasa, Jumamosi hiyohiyo jioni rafiki zake wamekuja kuangalia mpira, kawapokea mlangoni anashika kiuno, "karibuni, nimechoka kweli, leo nimeosha vyombo". Wakampa pole, wote wanne. Mi naosha mwaka wa 9 huu hata pole ya kusingiziwa sijaisikia. Na taulo lake bichi bado liko kitandani, upande wangu.