Mahandaki ya Shing Mun: nyani, popo na vita vya 1941 juu ya mlima

Juu ya mlango wa handaki moja kwenye mlima wa Shing Mun, hapa Hong Kong, kumechongwa kwenye zege maneno "Shaftesbury Avenue". Ingia ndani, tembea umeinama kidogo, utakutana na Regent Street, Charing Cross, Haymarket. Ni mitaa ya London. Waliochonga ni askari waliotoka kule wakaletwa kulinda mlima huu mwishoni mwa miaka ya 1930, na sihitaji kuelezwa kwa nini walifanya hivyo. Mimi ni mtu wa Mwatate, Taita, kazi yangu ni kufunga mizigo ya Mombasa kwenye ghala moja huku Kowloon, na ngazi tunayokutania sisi watu wa Pwani jioni baada ya kazi tumeipa jina la Kongowea, soko la kwetu Mombasa.

Kufika ni rahisi. Basi dogo la kijani namba 82 kutoka Tsuen Wan linakushusha karibu na bwawa, na nyani ndio wanaokupokea. Nawaita nyani kwa mazoea tu. Ni wakubwa kuliko tumbili wetu, wadogo kuliko nyani wa Tsavo, na uso wao ni mwekundu. Wameshajua kwamba mfuko wa plastiki maana yake chakula. Rafiki yangu mmoja, mtu wa Tanga, alikuwa ameshika mfuko wa ndizi. Jike moja lenye mtoto likashuka ukutani taratibu, likaushika mfuko kwa chini, likauchana, ndizi zikamwagika, na kabla hatujatamka neno likawa juu ya mti na mbili mkononi. Muda wote huo mtoto alikuwa amening'inia kifuani, kang'ang'ania manyoya, wala hakutetereka.

Kuwalisha ni marufuku, na tangu Agosti 2024 sheria imekazwa: faini inaweza kufika dola 100,000 za Hong Kong, pamoja na kifungo cha mwaka mmoja. Naunga mkono kabisa. Mnyama anayezoea mkono wa mtu mwishowe huua au huuawa, na sisi tuliokulia jirani na tembo tunalijua hilo.

Kuanzia hapo unafuata njia ya MacLehose, ile ndefu ya kilomita 100, sehemu yake ya sita. Msitu umefunga, mwewe wanazunguka juu ya bwawa, na pembeni mwa njia udongo umefukuliwa na nguruwe mwitu usiku. Nungunungu wapo, na paa wadogo wanaobweka kama mbwa. Lakini miti hii si ya zamani kama inavyoonekana. Wakati Wajapani wanatawala hapa, kuanzia mwisho wa 1941 hadi 1945, watu walikosa kuni wakakata kila kilichosimama, vilima vikabaki vipara. Baada ya vita serikali ikapanda miti upya, na mwaka 1977 Shing Mun ikawa miongoni mwa mbuga za mwanzo kuhifadhiwa kisheria. Leo takriban asilimia 40 ya ardhi ya Hong Kong ni hifadhi za namna hii. Katika mji ambao chumba cha kulala kinauzwa kwa bei ya shamba zima, kuacha ardhi yote hiyo kwa nyani na nguruwe ni uamuzi ninaouheshimu sana.

Sasa mahandaki yenyewe. Yalikuwa sehemu ya safu ya ngome za Waingereza iliyokatiza milima kwa kilomita kama 18, na Shing Mun ndiyo iliyokuwa ufunguo wake. Usiku wa tarehe 9 Desemba 1941 Wajapani walipanda kimyakimya. Ndani walikuwemo askari wachache, Waskoti na wapiga mizinga Wahindi, hawakutosha hata kidogo kwa eneo lile. Mashimo ya kuingizia hewa yaliyotoboka juu ya mahandaki ndiyo yaliyowaponza: Wajapani walidondosha mabomu ya mkono humo humo. Kulipokucha ngome ya Shing Mun ilikuwa imeshatekwa, na siku ya Krismasi Hong Kong nzima ikasalimu amri.

Nilisimama chini ya shimo mojawapo nikaangalia juu. Upana wake hauzidi wa ndoo. Mizizi imeteremka ndani, maji yanadondoka, na pembeni popo walikuwa wamening'inia kwenye dari ya zege. Tulizima tochi tusiwasumbue. Kwenye ukuta mwingine kuna maandishi ya Kijapani ya kikosi cha Wakabayashi, kutangaza kwamba wao ndio walioteka. Zege moja, majina ya mitaa ya walioshindwa na jina la walioshinda.

Wahindi wale ndio niliowafikiria zaidi. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Mwaka 1944 walipelekwa Burma kupigana na Wajapani hao hao, na alichokuwa akisimulia ni matope ya bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, jinsi walivyosukuma malori kwa mabega, na malaria. Wenzake wengi waliozama au kupotea bila kaburi wameandikwa majina kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon. Hapa nako, makaburi ya Sai Wan yana mnara wenye majina zaidi ya 2,000 ya wasio na kaburi, na ya Wahindi yamo. Mtoto wa Punjab kuja kufia mlima wa China kwa amri ya London, na Mtaita kwenda Burma kwa amri hiyo hiyo: hilo linaniuma, na nitaendelea kulisema.

Tafadhali, mkiona chuma cha ajabu ardhini msikiguse. Mabomu ya vita bado yanafukuliwa hapa. Mwaka 2018 yalipatikana matatu makubwa Wan Chai, katikati ya mji, na watu wakahamishwa majengo mazima. Milimani wapanda milima huokota mpaka maguruneti. Rudini nyuma, pigeni simu polisi.

Mwenye kutaka kwenda, Desemba ndiyo nzuri: hewa kavu, nyoka wachache. Chukueni tochi, viatu visivyoteleza, maji ya kutosha na begi la mgongoni lenye zipu. Mfuko wa plastiki uacheni nyumbani.