Maji ya Ndoo Usoni mwa Mtoto wa Miaka Mitano

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii kuna neno limenikaa moyoni. Shule anayosoma binti yangu, darasa la awali, iliwaita wazazi waje kucheza na watoto uwanjani. Kwa masika haya uwanja wenyewe ni tope tupu, na walimu hawakulikimbia. Walitoa ndoo za maji, vifuu, mchanga na vijiti, wakawaacha watoto wapike, wajenge, wachimbe mifereji. Nikavua kanzu, nikabaki na fulana na msuli, nikachuchumaa. Binti yangu akanipa kazi ya kuchota maji, na kila nikichelewa ananigombeza. Baada ya Magharibi mzee wangu mmoja akaniita pembeni: "Ustadh, watu wanaswali nyuma yako. Wewe na tope wapi na wapi?"

Nilimjibu kwa adabu, maana ni mkubwa wangu na alinitakia mema. Lakini usingizi ulichelewa usiku ule. Swali lake ndilo nililoliona asubuhi kwenye nyuso za akina baba waliojipanga ukutani, viatu vinang'aa, simu mkononi, wakiwapiga picha watoto waliokuwa wanawaita.

Mnamkumbuka Mahmud bin Rabi', Allah amridhie. Alikuwa mtoto wa pale Madina, umri miaka mitano. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alichota maji ya ndoo kwa kinywa chake, akamrushia usoni. Kisa chote ni hicho. Hakikushuka chochote kwa ajili yake, wala hakuna aliyefundishwa sharti la udhu. Ni mtu mzima anamchezea mtoto. Mahmud akakua, akawa mpokezi wa hadithi, na yale maji bado anayasimulia! Imam Bukhari akaipokea habari hiyo katika Kitabu cha Elimu, kwenye mlango unaouliza ni lini mtoto mdogo huhesabika kuwa amesikia na akahifadhi. Wako wanazuoni walioshika miaka hiyo mitano kuwa ndio mpaka. Yaani utani wa maji umeingia katika elimu ya hadithi kama hoja.

Ndugu yangu, hebu litulize hilo kichwani. Huyu ni mtu aliyekuwa anateremshiwa wahyi, anapokea wajumbe, anaamua kesi za watu, ana jeshi na ana mafukara wa Suffa, wale wasio na makazi waliokaa msikitini kwake, mlangoni. Na akapata nafasi ya mtoto wa miaka mitano. Wewe una nini kinachokuzidi shughuli? Mtoto wako naye ana miaka mitano hii hii. Kumbukumbu yake inaandika sasa hivi. Atakumbuka nini cha kwako? Ada uliyolipa haioni. Sare uliyomnunulia itambana kabla mwaka haujaisha. Mikono yako ndani ya tope lake, hiyo anaiona. Nenda, kaa chini, lowa. Akikupa "ubwabwa" wa mchanga kwenye kifuu, pokea kwa mkono wa kulia, sema Bismillah, jifanye unakula, omba uongezewe.

Na mzee wangu anaposema watu wanaswali nyuma yangu, nyuma ya Mtume walikuwa wanaswali masahaba, naye amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba tena.

Kuhusu nguo yenye tope, dada mmoja aliuliza kama binti yake ataingia nayo chuoni, yaani madrasa. Udongo ni twahara, tunatayamamu nao. Hata tope la njiani, sisi watu wa madhehebu ya Shafi tumesomeshwa kuwa lina msamaha. Usafi ni nusu ya imani, hilo sina ubishi nalo: mahali pawe safi, miguu ioshwe kwa sabuni, dawa ya minyoo mtoto apewe, maana safura huingilia nyayoni. Basi, tusilifanye tope kuwa najisi ili tupate udhuru wa kusimama ukutani.

Maana wengine si nguo wanayoiogopa. Al-Aqra' bin Habis alimwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akasema: mimi nina watoto kumi, sijambusu hata mmoja wao. Aliisema bila haya. Akajibiwa: asiyehurumia hahurumiwi. Akina baba, tunaisoma hadithi hii kwenye hotuba kisha tunarudi nyumbani, mtoto anasikia mlango tu, ananyamaza kimya. Tunaita hiyo heshima. Ile ni hofu, na mtoto anayekuogopa akiwa na miaka mitano hatakuletea siri yake akiwa na kumi na mitano. Atampelekea mtu mwingine, na hutampenda mtu huyo.

Jambo moja la mwisho. Siku ile kulikuwa na kijana mdogo aliyechimba peke yake karibu na bomba, hakujiwa na mtu. Mwalimu akaninong'oneza kuwa ni yatima. Shule imesema itafanya tena Alhamisi ijayo, saa tatu. Anayeweza kuja na msuli wa zamani aje, hata kama hana mtoto pale. Ndoo zipo. Yule kijana anachimba mfereji mrefu na anahitaji mtu wa kumchotea maji.